Kuagiza sherwani ya harusi kutoka India ukiwa Dar: usitume hela kabla hujasoma hapa

Swali: Fundi habari za kazi. Naoa katikati ya Februari hapa Dar, mchumba wangu kwao ni Wahindu wa Kigujarati, kwa hiyo siku ya mandapu (lile banda la ibada ya ndoa) natakiwa nivae sherwani, lile koti refu la bwana harusi, na wadogo zangu watano wavae kurta, yale mashati marefu, na vikoti. Nimempata muuzaji Insta yuko Delhi, picha zake kali balaa, sherwani moja ya kudariziwa kwa mkono ananiambia rupia 45,000. Anachotaka nimtumie kifua na urefu tu halafu hela yote kwa Western Union. Kwenda India siwezi, likizo nimeitunza kwa ajili ya harusi. Je inawezekana kweli? Itanikaa? Na nianze lini, maana sasa hivi tuko mwisho wa Agosti.

Jibu:

Mdogo wangu hongera sana kwanza, Mungu awaongoze mfike salama. Inawezekana, watu wanafanya kila mwaka, wengine wako London wengine Toronto wengine hapa hapa Upanga, na nguo inakuja inakaa vizuri kabisa. Lakini kwa hayo masharti aliyokupa huyo jamaa, hapana. Kifua na urefu havitoshi kushona hata shati la shule, sembuse sherwani, na hela yote mbele kwa Western Union kwa mtu usiyemjua ndo kabisa usithubutu.

Kuna kitu kimoja nataka ukielewe vizuri maana karibu kila nitakachokwambia kinatokana nacho: sherwani ya kudarizi kwa mkono inadariziwa KABLA haijashonwa. Wengi wanadhani fundi anashona koti likishaisha ndo linapelekwa kwa mdarizi aweke maua. Hapana, ni kinyume chake. Mkataji mkuu, wao wanamwita masta ji, anachora kwenye kitambaa kizima ramani ya kifua kushoto, kifua kulia, mgongo, mikono na kola, kwa vipimo vyako wewe. Ule mchoro wa maua nao unachorwa kwenye karatasi nyepesi ya kupitisha mwanga halafu unatobolewa kwa sindano, tundu moja moja kufuata mstari. Karatasi inalazwa juu ya kitambaa, wanachovya kitambaa kidogo kwenye unga wa rangi uliochanganywa na mafuta ya taa wanapaka juu, unga unapita kwenye yale matundu, ukinyanyua karatasi unakuta maua yote yamebaki kwa vinukta. Baada ya hapo kitambaa kinavutwa kwenye fremu ya mbao inayoitwa adda, iko kimo cha goti hivi, mafundi wanakaa chini pande zote mbili, mkono mmoja uko chini ya kitambaa unalisha uzi, mwingine uko juu na sindano yenye ndoano. Wanakaa hapo siku nyingi, wiki hata, inategemea urembo ni mwingi kiasi gani. Wakimaliza ndo vipande vinarudi kwa masta, vinakatwa, vinashonwa.

Sasa chukulia vipimo ulivyotuma vilikuwa na kosa la inchi mbili kifuani. Nguo imekuja inabana, unamletea fundi wako Kariakoo afungue pembeni. Akifungua anakuta maua yaliishia kwenye mshono, kwa hiyo unapata ufito mtupu usio na darizi kuanzia kwapani mpaka chini, unaonekana kwenye kila picha. Na ikiwa kubwa nayo ukiipunguza sana unakula nusu ya ua, tena zile nyaya za zardozi (darizi ya nyuzi za chuma) na shanga zikikatwa na mkasi zinaanza kufumuka zenyewe. Suti ya kawaida inarekebishika karibu kila mahali, hii haina uhuru huo. Ndo maana nasema kazi yako yote iko kabla sindano haijagusa kitambaa. Baada ya hapo utakuwa unabembeleza tu.

Vipimo basi. Usijipime mwenyewe na usipimwe na mchumba. Nenda kwa fundi anayeshona suti, siyo anayeshona sare za shule tu, mwambie unataka vipimo kamili vya mwili kwa inchi, ulipie hata kama nguo hashoni yeye, ni haki yake. Vaa shati jepesi na viatu vyenye kisigino kama cha siku yenyewe. Apime shingo, bega mpaka bega kwa nyuma, kifua, tumbo pale lilipojaza zaidi (usilivute ndani jamani, siku ya harusi utakula), makalio, mkono kutoka ncha ya bega mpaka mfupa wa kiganja, unene wa mkono juu, kiganja, halafu urefu wa koti kutoka pale shingo inapokutana na bega kushuka mbele mpaka goti. Suruali: kiuno, makalio, paja, goti, kigimbi, kifundo cha mguu, urefu wa nje na wa ndani. Rudi wiki ijayo apime tena bila kuangalia karatasi ya kwanza, palipotofautiana zaidi ya nusu inchi papimwe mara ya tatu.

Hapo kwenye urefu niseme kidogo. Sherwani ya bwana harusi inaishia kwenye goti au chini yake kidogo. Karatasi za saizi za wauzaji wengi zina urefu mmoja kwa kila saizi ya kifua, kwa hiyo mtu mrefu mwembamba anapewa urefu wa mtu mfupi mwembamba, inaishia katikati ya paja na muonekano wote umeharibika, imekuwa koti tu la kola ndefu. Wewe taja urefu wako kwa inchi na useme umepimwa kuanzia wapi, sio "saizi 40".

Na kwenye suruali angalia sana churidar, ile inayobana kuanzia goti mpaka kifundo na kujikunja kunja kule chini. Inakatwa ndefu kuliko mguu makusudi ili yale makunjo yatokee, kwa hiyo usishtuke ukiona urefu wao unazidi wako. Shida ni paja na kigimbi. Wenye mapaja ya mpira na gym, na sisi tuliojaaliwa makalio, churidar ya saizi ya dukani haipiti gotini. Na kumbuka kwenye mandapu hausimami muda wote, unakaa, sehemu nyingine unakunja miguu, mnazunguka moto. Omba nafasi ya kutosha kwenye paja na kipande cha kitambaa cha ziada kwenye msamba. Ukiona churidar hauiwezi kuna suruali nyembamba iliyonyooka tu, inakubalika kabisa na hakuna mama mkwe atakayekununia.

Kitu kingine, mwandikie wazi kabisa: "hivi ni vipimo vya MWILI, sijaongeza chochote". Halafu muulize yeye ataongeza inchi ngapi kifuani. Chini ya sherwani kuna kurta, kwa hiyo kwa kawaida kifua cha nguo iliyomalizika kinazidi mwili inchi 3 mpaka 4. Akikujibu kwa namba ujue unaongea na mtu anayejua kazi au aliyemuuliza masta wake. Akikujibu "don't worry brother" mara tatu mfululizo, anza kutafuta mwingine. Na omba akiba ya kitambaa ndani ya mishono ya pembeni, inchi moja na nusu mpaka mbili kila upande, na darizi iingie ndani ya hiyo akiba, isiishie kwenye mstari wa mshono. Hii sentensi ya mwisho ndo itakuokoa. Wengi wanaomba akiba ya kitambaa tu, wanapewa, halafu haina maua, haina kazi.

Piga na picha tatu umevaa fulana ya kubana na suruali nyembamba, mbele, ubavuni, nyuma, simu iwe usawa wa kifua chako na isimame mbali kidogo. Bega lililoshuka upande mmoja, mgongo ulioinama, kifua kilichosimama, hivyo futi haisemi ila picha inasema, na masta mzuri akiona picha anajua pa kuongeza na pa kupunguza.

Sasa nikupe njia ambayo mimi nawaambia wote wanaoagiza kazi ya mkono ya bei. Usianze na sherwani. Anza na kurta ya ndani na suruali yake, hivi viwili havina darizi au vina kidogo sana kwenye kola, ni vya bei nafuu na vinashonwa siku chache. Mwambie avishone kwanza kwa vipimo vyako, avitume, uvae. Hapo umepata mambo matatu kwa mpigo: umejua kama huyu mtu yupo kweli na anatuma mzigo, umejua mkono wa mkataji wake ukoje, na una nguo yenye kosa linaloonekana ambayo unaweza kuiwekea pini, kuipiga picha, kumwambia bega liko pana nusu inchi, kwapa limeshuka, rekebisha kwenye sherwani. Ukivaa hiyo kurta usisimame tu mbele ya kioo. Nyanyua mikono juu maana kuna kubadilishana mashada ya maua na watu wa upande wa bibi harusi wanapenda kumnyanyua bibi harusi juu ili bwana ahangaike kumvisha. Kaa chini kwenye mkeka ukunje miguu. Panda ngazi. Angalia na zile pasuo za pembeni zinaanzia wapi, zikianzia chini sana ukikaa nguo inavutika yote.

Kama hutaki kulipia usafiri mara mbili kuna njia ya pili: mwambie fundi wako wa hapa akushonee koti la majaribio kwa kitambaa cha merikani, lile umbo tu la sherwani bila bitana, akurekebishe mwilini mpaka likae sawasawa, halafu hilo koti ndo ulitume India. Mafundi wa kule kunakili nguo iliyopo mbele yao ni hodari sana, wengi wanafanya vizuri kwa sampuli kuliko kwa namba.

Kitambaa. Ukiona kwenye tangazo neno "art silk" jua ni hariri ya bandia, mara nyingi poliesta au viscose, neno "art" pale ni kifupi cha kusema ya kutengenezwa. Siyo dhambi kuivaa, ila isiuzwe kwa bei ya hariri. Omba vipande vya sampuli vitumwe kwa posta, vidogo tu vya inchi nne kwa nne, gharama ni ndogo. Chomoa nyuzi mbili tatu uzichome kwa kiberiti: hariri ya kweli inanuka kama nywele zinazoungua na majivu yake yanasagika vidoleni, poliesta inayeyuka inabaki kidonge kigumu cheusi. Velvet usiguse. Najua kwenye picha inapendeza, ila hizo picha ni za harusi za Delhi mwezi wa Desemba usiku ambapo watu wanatoka mvuke mdomoni. Februari ya Dar unaijua mwenyewe, joto na unyevu, ndani una kurta, juu yake koti lenye bitana, kichwani safa, yaani kilemba, mbele yako kuna moto wa ibada. Chukua raw silk nyepesi au kitambaa cha mchanganyiko wa pamba na hariri, na bitana lazima iwe ya pamba, mwandikie hivyo maana asipoambiwa ataweka poliesta na hiyo ndo inayokuchemsha, sio kitambaa cha juu.

Kuhusu kama darizi ni ya mkono kweli. Muombe picha ya NYUMA ya kitambaa, kabla ya bitana. Mashine ya kompyuta inaacha uzi wa boksi (ule wa chini ya mashine) kule nyuma, mwingi mweupe au wa rangi moja, mistari imelingana kama imepigwa rula, na ua la kushoto ni pacha halisi wa ua la kulia. Mkono unaacha mafundo, uzi unaoruka kutoka petali moja kwenda nyingine, na maua mawili hayafanani kabisa hata ukitaka. Zardozi ya kweli ina nyaya zilizosokotwa, ukiigusa inakwaruza kidogo na ina uzito wake. Lucknow, Bareilly na Farrukhabad kule Uttar Pradesh ndo kwenye karakana nyingi za kazi hii, kwa hiyo usishangae muuzaji wa Delhi akisema vipande vimepelekwa Bareilly, hilo ni jambo la kawaida kabisa. Cha kushangaza ni akisema ni kazi ya mkono halafu iko tayari baada ya siku nne.

Na ile bei ya 45,000, yaani kama dola 500 hivi, kwa kazi ya mkono ya wastani kifuani, kwenye kola na mikononi siyo ya kutiliwa shaka. Kwa kazi ya mkono iliyojaa mwili mzima kama kwenye picha za mabwana harusi wa sinema ni rahisi mno, hapo ama ni mashine ama picha siyo yake. Wabunifu wenye majina makubwa kama Sabyasachi au Tarun Tahiliani wanaenda kwenye malaki ya rupia. Ukitumiwa bei angalia na wanavyoandika, 1,25,000 kule ni laki moja na elfu ishirini na tano, koma zao zinakaa tofauti na zetu.

Rangi inasumbua sana watu. Kijivu cha lulu, maziwa, pembe ya ndovu, krimu, kwenye simu vyote ni kitu kimoja, vikifika kimoja ni njano. Wewe kama unataka ufanane na lehenga (sketi ndefu ya harusi) ya mchumba, muombe kipande halisi cha kitambaa chake hata cha inchi mbili kutoka kwenye pindo la ndani, kitume India. Usitume picha. Sherwani yenyewe mara nyingi inakuwa ya rangi tulivu na kinachofanana na bibi harusi ni safa na ule mtandio wa begani, na hivyo vinapakwa rangi kwa urahisi kuliko kubahatisha koti zima. Ila kabla ya yote kaongee na mama yake mchumba au shangazi zake, waulize familia yao inapenda bwana harusi avae rangi gani na nani analeta safa, maana kwenye familia nyingine kitu kama hicho kinatoka upande fulani, na utakuwa umenunua mara mbili. Kuuliza ni heshima, na watafurahi kweli kuona umejali.

Hela sasa. Kwanza mhakiki. Biashara iliyosajiliwa kodi India ina namba inaitwa GSTIN, tarakimu na herufi 15, mbili za mwanzo ni jimbo: Delhi ni 07, Uttar Pradesh 09, Maharashtra 27, Telangana 36. Unaingia kwenye tovuti ya serikali yao gst.gov.in, sehemu ya kutafuta mlipa kodi, unaweka namba, linakuja jina la biashara na kama iko hai. Mtu anasema yuko Delhi halafu namba inaanza na 27, muulize. Jina la akaunti ya benki nalo lifanane na la pale. Pili, mwambie aandike jina lako na tarehe ya leo kwenye karatasi, aiweke juu ya kitambaa anachotaka kukuuzia, apige video fupi akikitikisa kwenye mwanga wa jua mlangoni. Mwenye mali anafanya dakika mbili. Mwenye picha za kuiba ataanza hadithi.

Malipo yawe kwa awamu. Kianzio ukisharidhika na sampuli ya kitambaa, asilimia 30 mpaka 50 ni sawa kwa sababu na yeye ananunua hariri na kulipa wadarizi, usitake akufanyie kazi kwa mkopo. Awamu ya pili ukishaona vipande vimedariziwa, kwa video kolu, kabla ya kukatwa. HAPA ndo pa kukagua kwa makini, mwambie aweke futi juu ya kila kipande uone inchi, ulinganishe na karatasi yako. Ya mwisho nguo ikiwa imekamilika, futi imelazwa kifuani, begani, mkononi, urefu, na vifungo vyote vimefungwa. Lipa kwa kadi au PayPal hata kama anaongeza makato kidogo, PayPal wanakupa siku 180 tangu ulipolipa za kufungua mgogoro, kwa hiyo oda ya Septemba inayofika Desemba bado uko ndani ya muda. Western Union ikishachukuliwa imechukuliwa.

Ratiba yako iko vizuri, ndo maana nimefurahi umeuliza sasa na sio Desemba. Kwa Wahindu kuna kipindi cha miezi minne hivi, kuanzia Juni au Julai mpaka Novemba, ambacho wengi hawafungi ndoa, kwa hiyo karakana sasa hivi zimepumua kidogo na masta ana muda wa kukusikiliza. Kikiisha tu, harusi zinafumuka zote pamoja na mteja wa nje anayelia kwenye WhatsApp anawekwa nyuma ya foleni. Katikati kuna Diwali, sikukuu yao kubwa, Oktoba au Novemba, maduka yanafunga na mafundi wanarudi vijijini, na wasirudi siku waliyosema. Kwa hiyo Septemba yote iwe ya sampuli, vipimo na kurta ya kwanza, mwanzoni mwa Oktoba vipande viwe kwenye adda, kazi ya mkono ya wastani hesabu wiki sita mpaka kumi, mzigo utoke India mapema Desemba. Tarehe unayompa muuzaji kama siku ya harusi iwe ya mwanzoni mwa Januari. Sio uongo wa kumuumiza mtu, mwambie tu "nahitaji iwe mkononi tarehe fulani" na usiongeze maelezo.

Usafiri na ushuru vinawashangaza wengi kuliko bei yenyewe. Kampuni za kurusha mizigo zinapima na ukubwa wa boksi, urefu mara upana mara kimo kwa sentimita gawanya kwa 5,000. Boksi la 50 kwa 40 kwa 20 linahesabiwa kilo 8 hata kama ndani kuna kilo 4, kwa hiyo mwambie asiweke lile boksi la zawadi la mbao na velvet, linapendeza lakini utalilipia. Forodha: nguo kwenye ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki zimewekwa kwenye 35% tangu Julai 2022, halafu juu yake VAT 18%. Chukua sherwani dola 500 na usafiri dola 80, jumla 580. Ushuru 203. Unajumlisha unapata 783, VAT yake kama 141. Yaani dola 344 za kodi kabla ya tozo nyingine ndogo ndogo na hela ya wakala. Weka kwenye bajeti sasa. Muuzaji atakwambia "naandika gift dola 30", mkatalie. TRA wakitilia shaka wanakadiria wenyewe na mzigo unakaa huku siku zinaenda, na likipotea boksi utafidiwa hizo dola 30. Kama kuna ndugu wa mchumba anayekuja kutoka India Desemba au Januari na ana nafasi kwenye begi, muombe mapema kwa adabu, mzigo ufike kwake Delhi au Ahmedabad, ila naye ajue kilichomo na akiulizwa aseme ukweli, usimtie ndugu wa watu kwenye matatizo.

Wadogo zako watano usihangaike nao hivi. Kurta za pamba na hariri pamoja na bandi, kile kikoti kisicho na mikono, nunua saizi za dukani, rangi moja zote kutoka kundi moja la kitambaa ili zisitofautiane. Kila mmoja apimwe kifua na uchukue inchi nne juu ya mwili, kubwa kidogo ni salama, fundi wa hapa anapunguza kwa mchana mmoja. Au nunua kitambaa tu hapa hapa mjini, maduka yapo, bandi ni kazi ya fundi yeyote mzuri wa suti. Sherwani ndo niliyokuwa na wasiwasi nayo.

Safa omba ile iliyokwishafungwa tayari kama hakuna mzee wa kuifunga siku hiyo, na upime kichwa juu ya masikio ukiwa na mtindo wa nywele wa siku yenyewe, kama una rasta au afro sema, saizi inabadilika sana. Viatu vya mojari vipya vinabana mbele, vivae nyumbani na soksi wiki mbili kabla. Ikifika sherwani itoe kwenye plastiki siku hiyo hiyo, ifunge kwenye shuka jeupe la pamba, karatasi laini kati ya mikunjo, maana unyevu wa Dar unafubaza nyaya za zardozi. Pasi ipite upande wa ndani tu na kitambaa katikati, na marashi ujipake mwilini kabla ya kuvaa, usipulizie juu ya darizi.

Kwa huyo jamaa wa Delhi, usimtukane wala usimblok bado, huenda ni mfanyabiashara mzuri aliyezoea wateja wa haraka haraka. Mwandikie leo umuombe GSTIN, video yenye jina lako, sampuli ya kitambaa, kurta kwanza, na malipo ya awamu tatu kwa kadi. Jibu lake litakwambia kama unaendelea naye. Halafu ukishapimwa mara ya pili niandikie vipimo vyote pamoja na zile picha tatu, nitaangalia urefu wa koti na nafasi ya paja kabla hujamtumia.